Kutoka Kigoma hadi Kambi ya Elena: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Kujifunza Barafu Rwenzori

Wanaoniuliza kuhusu mafunzo ya kutembea kwenye barafu ya Rwenzori, milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, huanza na shoka, kamba na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu. Mimi huwauliza kwanza kama wana gambuti inayowatosha. Wanacheka. Wakifika bonde la Bigo, matope yakiwa magotini, hawacheki tena.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na vifaa vya kuazima na pumzi ya mtu anayecheza mpira kila jioni Ujiji. Siku ya nne nikafika Elena, kambi ya mwisho kabla ya barafu, nikiwa na malengelenge visigino vyote viwili, tumboni hamna kitu tangu asubuhi. Mwalimu alipoanza kuonyesha namna ya kujifunga kamba, nilikuwa namtazama kama televisheni iliyozimwa sauti. Ada ya mafunzo nililipa, mafunzo sikuyapata. Ndiyo maana mwongozo huu unaishia mlangoni mwa barafu: kazi yake ni kukufikisha Elena ukiwa bado na akili na nguvu za kujifunza.

Kwa nini Rwenzori

Kwetu mlima ukitajwa ni Kilimanjaro. Ni mrefu zaidi, mita 5,895, lakini njia zake za kawaida zinapita pembeni mwa barafu, na mtu anafika Uhuru bila kugusa kamba. Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, kina mita 5,109, na kukifikia lazima ukanyage barafuto, yaani ile barafu nene ya miaka mingi inayotambaa taratibu mlimani. Huko utafungwa kamba utake usitake.

Halafu kuna la Ujiji ndani yake. Kundi la vilele lenye Margherita linaitwa Mlima Stanley, kwa jina la mwandishi yuleyule aliyemkuta Livingstone hapa kwetu mwaka 1871. Kumpanda Stanley ukitokea Ujiji kuna utamu wake.

Na usiahirishe mno. Mwaka 1906, msafara wa Mwitaliano Duke wa Abruzzi ulipofika kileleni kwa mara ya kwanza, barafuto za Rwenzori zilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 zilibaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na kupungua hakujasimama.

Majira yenye nafuu ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Nasema nafuu kwa sababu Rwenzori hunyesha mwaka mzima. Mimi napendelea Julai, kwa hiyo mazoezi naanza Aprili, mvua za Kigoma zikiwa bado hazijaisha. Watu huona vibaya kutembea mvuani. Kwa safari hii ndiyo mazoezi yenyewe.

Hatua ya kwanza: miezi mitatu ya vilima vya nyumbani

Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Elena ipo 4,541. Tofauti ya hewa huwezi kuifanyia mazoezi Kigoma. Miguu unaweza, na mji wetu umejengwa kwenye mteremko kana kwamba uliwekwa kwa kazi hiyo.

Wiki nne za kwanza: mara tatu kwa wiki, anzia stesheni ya reli, panda barabara ya Lumumba hadi Mwanga, shuka, rudia. Begi la mgongoni liwe na kilo sita hivi. Usikimbie. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Wachukuzi wanaopandisha magunia ya dagaa kutoka mwaloni Kibirizi hawakimbii, na wanafika. Watazame wanavyokanyaga: hatua fupi, unyayo wote chini, goti likinyooka kidogo kila hatua ili uzito ukae kwenye mfupa na msuli upumzike. Mlimani walimu watakufundisha hatua hiyohiyo na kuiita hatua ya kupumzika. Kibirizi unaiona bure.

Wiki nne zinazofuata ongeza kilo mbili kila wiki hadi kufika 14. Uzito mzuri ni maji, kwenye madumu ya lita tano: lita moja ni kilo moja, hakuna kukisia. Ukifika juu mwaga maji, ushuke begi likiwa jepesi. Magoti huharibika wakati wa kushuka, na hayo magoti utayahitaji. Jumamosi moja moja nenda mbali: chukua njia ya Mwandiga kupanda kuelekea Kalinzi, mashamba ya kahawa yanakoanza na baridi kidogo ikakugusa. Mwenye uwezo wa kulipia kiingilio na mwongozaji aende Gombe, apande kutoka ufukweni hadi kwenye ukingo wa bonde la ufa. Ni kupanda kunakokaribia siku ya kwanza ya Rwenzori kuliko kingine chochote ninachokijua hapa karibu.

Wiki nne za mwisho vaa gambuti. Ndiyo, kwenye lami ya Lumumba, na watoto watakuuliza samaki wako wapi. Nunua namba moja juu ya kiatu chako, weka soli ya ndani ya kitambaa kinene, vaa soksi mbili: nyembamba ndani, ya sufu nje. Kila sehemu inayokusugua Kigoma itakuchubua Bujuku, kambi ya siku ya tatu mlimani. Ukihisi joto mahali fulani kisiginoni, simama hapohapo ubandike plasta pana. Dakika tano baadaye litakuwa lengelenge.

Kipimo changu cha mwisho ni hiki: mtu aweze kupanda jumla ya mita 1,000 kwa siku moja na begi la kilo 12, kisha kesho yake aamke akapande nusu ya hizo bila kulalamika sana. Asiyefika hapo asogeze safari.

Jioni za mapumziko jifunze mafundo. Fundo la nane ndilo utakalofungiwa nalo kwenye kamba, na mkono wako unapaswa kulijua gizani, umevaa glovu. Mimi nilikwenda mwaloni kumwomba mzee mmoja fundi wa nyavu anisahihishe.

"Shikamoo mzee. Hili limekaa?"

"Marahaba." Akalivuta mara moja, likafunguka. "Mwanangu, ungefungia mtumbwi wangu hivi, asubuhi ningeufuata Kongo."

Kosa lilikuwa mkia wa kamba: niliuacha mfupi. Uache urefu wa kiganja na zaidi, kisha kaza kila uzi peke yake.

Hatua ya pili: hospitali kabla ya duka

Mwambie daktari unakwenda mita zaidi ya 4,500, akupime presha, moyo na damu. Kwa watu wa kanda yetu naongeza mambo mawili ambayo miongozo ya Wazungu huyasahau.

La kwanza ni seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kwenda. Lakini hata aliyerithi upande mmoja tu, mzima kabisa maisha yake yote hapa chini, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akifika juu kwenye hewa haba. Wengi hawajui kama wamerithi. Pima.

La pili ni malaria. Unatoka nayo Kigoma ikiwa kimya mwilini, inajitokeza siku ya tatu mlimani: kichwa, kichefuchefu, uchovu. Dalili hizohizo ndizo za ugonjwa wa mwinuko. Pima siku mbili kabla ya kuondoka, na beba vipimo vya haraka viwili na dozi kamili ya dawa ya mseto uliyoandikiwa. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Kipimajoto kikivuka 38, fikiria malaria au mapafu, pima, na anza kushuka huku matibabu yakiendelea.

Kuna dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, asetazolamaidi. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aamue daktari, hasa kama umewahi kuvimba au kutokwa vipele kwa dawa zenye salfa. Itakupeleka haja ndogo mara kwa mara na kukutekenya vidole. Ni kawaida yake.

Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake uwe nazo mpakani.

Hatua ya tatu: vitu vya kubeba

Mitumba ya Mwanga imewavisha wapanda mlima wengi kuliko wanavyokiri. Sisi wa ziwani nguo za baridi hatuzigombanii, kwa hiyo majaketi mazito ya manyoya hukaa chini ya marundo kwa bei ya kutupa. Chimba. Kinachokatazwa ni pamba mwilini: fulana ya pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto usiku kucha. Chukua sufu au zile fulana nyepesi za michezo.

Unachohitaji ni nguo za ndani za kubana juu na chini seti mbili, sweta nzito, jaketi la manyoya, koti na suruali vya mvua visivyopitisha maji kwelikweli (vijaribu kwa kusimama chini ya bomba dakika kumi), kofia ya sufu, glovu nyembamba na glovu nene, soksi jozi tano, tochi ya kichwani na betri za akiba, miwani myeusi inayoziba pembeni, mafuta ya kuzuia jua. Jua la kwenye barafu linaunguza hata ngozi nyeusi, na macho ndiyo huumia zaidi. Begi la kulalia liwe la kuhimili chini ya sifuri, kwa sababu Elena usiku maji ya chupa huganda. Ndani ya begi la mgongoni weka mfuko mkubwa wa nailoni, na kila kitu kiingie humo. Kifuniko cha nje peke yake hakitoshi.

Vifaa vya barafu vyenyewe, yaani viatu vigumu, kramponi, shoka, mkanda wa kukwea, karabina (pete za chuma za kuungia kamba) na helmeti, hukodishwa na kampuni inayokupeleka. Usinunue. Ila viatu vijaribu Kasese, mji wa Uganda ulio karibu na mlima, siku moja kabla, ukiwa na soksi utakazovaa. Piga teke ukuta polepole mara tano: vidole vikigusa mbele, omba namba nyingine. Kuna kampuni moja iliniambia tutabadilishana viatu hukohuko juu. Huko juu hakuna duka.

Makubaliano yawe kwenye karatasi: ada za hifadhi, wapagazi, chakula, vifaa, na siku ngapi za mafunzo. Omba siku moja ya ziada juu. Bila hiyo utafundishwa jioni na kupandishwa usiku uleule, na huko ni kupelekwa, si kufundishwa.

Chakula kampuni itapika. Hata hivyo, beba dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka, kilo moja kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko. Ni wepesi, wana chumvi, wana protini, na mwinuko unapoua hamu ya kila kitu bado mtu hutafuna dagaa. Nilibeba na mawese nusu lita, nikijiona mjanja. Bujuku yaliganda kama sabuni ya mche, nikawa nayachokoa kwa kijiko na kuyayeyusha kwenye uji wa mwenzangu, naye hakuniomba. Karanga na sukari guru vinatosha.

Hatua ya nne: njiani

Basi hadi Nyakanazi kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko; kisha Biharamulo, Bukoba, mpaka wa Mutukula; halafu Masaka, Mbarara, Kasese. Panga siku tatu na usiku wa kupumzika Kasese. Pasipoti ndiyo salama kuliko karatasi nyingine. Kiswahili kitakusaidia njiani. Wapagazi wengi ni Wakonzo, na wao theluji huiita nzururu.

Hatua ya tano: siku nne za kupanda

Siku ya kwanza unatoka Nyakalengija, kama mita 1,650, hadi Nyabitaba, kama 2,650. Mashamba, kisha msitu, kisha mkwezo mrefu usio na utani. Nguvu unazo, na ndiyo hatari yake. Nenda kama unamsindikiza bibi yako sokoni. Kunywa maji kidogo kidogo, jumla lita tatu hivi kwa siku, na kila siku zinazofuata vilevile.

Siku ya pili ndiyo ndefu, saa saba na zaidi. Unaanza kwa kushuka hadi daraja la Kurt Shafer, mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, halafu mianzi, halafu mawe yaliyovaa ukungu wa kijani unaoteleza kama bamia. Hapa fimbo mbili za kutembelea zinalipa gharama zake. Unalala John Matte, juu kidogo ya mita 3,400. Ukivua gambuti, kausha miguu kabisa, ipake poda, vaa soksi kavu ambazo ni za kulalia tu. Soksi zilizolowa zikamue, uingie nazo kwenye begi la kulalia, tumboni. Inaudhi, lakini asubuhi zimekauka.

Siku ya tatu ni Bigo. Bonde zima ni kinamasi, lenye mafundo ya majani marefu kama vichwa vya watu wasionyoa, na lobelia zimesimama juu yake kama mishumaa mirefu kuliko mtu. Sehemu nyingine zimewekewa njia ya mbao. Pasipo na mbao unaruka kutoka fundo hadi fundo, au unapita kwenye matope. Nimejaribu vyote. Kuruka na begi kunachosha mara mbili, na ukikosea unaingia hadi kiunoni. Pita kwenye matope taratibu: choma fimbo kwanza kupima kina, kanyaga karibu na mizizi ya fundo ambako ardhi imeshikana, na mguu ukizama usiuvute kwa nguvu wima, gambuti itabaki huko. Zungusha kisigino kwanza hewa iingie, kunja kifundo cha mguu kama unavua kiatu, kisha utoe. Wanaovua kwenye mabwawa ya Malagarasi wanaujua mzunguko huo. Ukilipita Ziwa Bujuku umefika kambini, kama mita 3,960.

Kama una siku nyingine ya ziada, mbali na ile ya mafunzo, itumie hapa. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na Elena iko karibu mita 600 juu ya Bujuku. Siku ya kupumzika, tembea saa mbili kwenda juu, rudi, lala.

Siku ya nne ni fupi kwa kilomita na ngumu kwa pumzi. Unapanda bonde lenye miti ya senesio yenye majani kama kabichi kubwa, mwinuko mkali, na pana ngazi ya chuma. Kisha mimea inaisha na mawe matupu yanaanza. Hewa hapa ina oksijeni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Hesabu hatua ishirini, simama pumzi tatu, endelea.

Kila jioni kuanzia John Matte, jipimeni wenzi wawili wawili. Kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Kichwa peke yake, kunywa maji, pumzika, usipande kesho kama hakijaacha. Kisha chora mstari chini kwa fimbo, mwenzio atembee juu yake kisigino kikigusa vidole. Akiyumba kama mlevi, ubongo umevimba: anashuka usiku huohuo, akisindikizwa, hata kama anabisha. Kubisha nako ni dalili. Vilevile anayekosa pumzi akiwa amekaa, au anayekohoa mate yenye povu. Hakuna dawa inayoshinda kushuka, na mita 500 hadi 1,000 chini mara nyingi hubadilisha hali.

Saa mbili za kwanza Elena

Utafika mchana, umechoka, na kibanda kitakuita ulale. Usilale. Badilisha nguo zilizolowa jasho kabla hujapoa. Kunywa kitu cha moto chenye sukari nyingi, kula hata kama ni dagaa kumi. Gambuti zigeuze midomo chini ndani ya kibanda, la sivyo asubuhi utavaa barafu. Toa viatu vigumu, vaa, funga kamba zake ukiwa umekaa, kisha mwombe mwalimu akuvalishe kramponi mchana huohuo, mwanga ukiwepo. Inua mguu uutikise kwa nguvu: ikicheza hata kidogo, irekebishwe. Vaa mkanda wa kukwea juu ya nguo zote utakazovaa usiku, funga fundo la nane, mwonyeshe. Rudia ukiwa na glovu. Betri mpya ziingie kwenye tochi, za akiba ziwe mfuko wa ndani kwa sababu baridi huzimaliza. Chupa ya maji ilale nawe, mfuniko chini.

Halafu lala. Siku ya kupanda kileleni watakuamsha saa nane usiku.